Mnyuzi, Lutindi, Bielefeld: fildi iliyoanza kabla yetu

Najua nimewatupa, ila si mnajua mwisho wa muhula ulivyo: kazi za vikundi, mitihani, na bumu linalotoka siku ambayo umeshakopa hadi kwa mama muuza chapati. Leo nina habari moja na stori moja ndefu. Habari ni kwamba nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja, kufanya kazi kwenye nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili, pembeni ya mji unaoitwa Bielefeld. Naanza mwezi wa tisa. Stori ndefu ndiyo inayofuata, maana tangu nipate ile barua mwenzenu nimekuwa mtu wa maktaba kuliko hata wakati wa mitihani.

Nilipompigia mama simu Mnyuzi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu unakwenda kuwaogesha Wazungu?" Nikamwambia ndiyo mama, na wengine kuwalisha, na wengine kuwasindikiza kazini. "Kwani wao hawana ndugu?" Halafu akaongeza, "Na hawa wa kwetu nani atawaogesha?" Marafiki zangu hapa hosteli wao waliuliza tu Bielefeld ndo wapi. Hilo ni jepesi. Hilo la mama ndilo lililonipeleka maktaba.

Kwa wasioijua, Mnyuzi ni kata ya wilaya ya Korogwe, unaipita ukitoka Muheza kabla hujafika Korogwe mjini. Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni iliyokuwa inaijenga ikaishiwa hela, serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Sisi tuko katikati hapo. Mwaka 1963 ikajengwa njia nyingine ya kutoka kwetu kwenda kuungana na Reli ya Kati pale Ruvu, ndiyo maana kwenye ramani za reli Mnyuzi inaonekana mji mkubwa kumbe ni stesheni, maduka na mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 likatokea pori lote lile la mkonge mnaloliona mkiwa kwenye basi la Tanga mkilalamikia joto.

Naisema mkonge kwa sababu. Mashine ya kusindika mkonge kwetu inaitwa korona, na ilikuwa korona miaka mingi kabla dunia haijalijua jina hilo kwa ugonjwa. Jani linaingia upande mmoja, singa zinatoka upande wa pili, na mkono ukiteleza nao unaingia. Babu yangu mzaa mama alibaki na vidole viwili mkono wa kulia. Alikuwa kwenye shamba moja la huko huko kwetu, akapewa siku za kuuguza kidonda, akarudi akafanywa mlinzi. Nyumbani hakuna aliyemwita mlemavu. Alikuwa babu, anasuka kamba kwa vidole viwili na meno, basi. Nilipofika chuo nikaanza kusoma elimu maalum ndipo nikakutana na neno "upungufu wa viungo" kwenye kitabu nikasema, ala, kumbe huyu ni babu!

Sasa inua macho kutoka mkongeni utazame kaskazini. Kuna bonde la Lwengera, na upande wake wa magharibi inapanda milima ya Usambara. Huko juu, bado wilaya ya Korogwe, kuna mahali panaitwa Lutindi. Watu wa Tanga mnajua ninachotaka kusema. Dar mtu akifanya kituko wanasema apelekwe Mirembe, sisi tulikuwa tunasema "huyu wa Lutindi." Nimekua nikilisikia hilo jina kama tusi, na sikuwahi kujiuliza hospitali ya akili ilifikaje kwenye kilele cha mlima, katikati ya chai, mahali ambapo hata leo ukipanda masika unashika roho mkononi.

Ilifika hivi. Mwaka 1893 huko Ujerumani kiliundwa chama cha Kiprotestanti, Evangelischer Afrika-Verein, cha kupinga utumwa Afrika. Mwaka 1896 chama hicho kikafungua Lutindi kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Hapa pana kichekesho kichungu kidogo. Serikali iliyokuwa inatawala wakati huo haikuufuta utumwa. Iliamua tu kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Waingereza wakiwa wameshashika nchi. Kwa hiyo ilikuwapo nyumba ya watumwa waliokombolewa ndani ya koloni ambalo utumwa bado ni halali. Miaka ikaenda, watoto wakawa hawaletwi tena kama zamani, na mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mara nyingi inatajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Ile ya Nairobi ambayo leo ni Mathari ilianza 1910, Mirembe ya Dodoma 1927. Yaani watu wakitutania kwa Mirembe, sisi wa Korogwe tuna haki ya kusema tumetangulia!

Tuweke sawa jambo moja kabla mwalimu wangu wa saikolojia hajanifuata. Ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili si kitu kimoja. Mgonjwa wa akili anaweza kutibiwa akapata nafuu. Mwenye ulemavu wa akili amezaliwa au amekua na uwezo wa kujifunza ulio tofauti, hana cha kupona. Kifafa nacho ni kitu cha tatu. Lakini mwaka 1904 mlango ulikuwa mmoja. Aliyeanguka kifafa, aliyesikia sauti, aliyeshindwa kujieleza, wote waliingia hapo hapo, na kabla ya hapo watu wa namna hii mkoloni alikuwa akiwaweka jela.

Nani alikuwa anawatunza? Hapa ndipo Bielefeld inapoingia. Nje ya mji huo, mwaka 1867, ilianzishwa nyumba ya wagonjwa wa kifafa iliyokuja kuitwa Bethel. Mwaka 1872 akaletwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kuiongoza, na chini yake ikawa kijiji kizima cha wagonjwa, walemavu na watu wasio na makazi. Kulikuwa na nyumba ya mashemasi wanawake, Sarepta, tangu 1869, na ya mashemasi wanaume, Nazareth, tangu 1877. Hao mashemasi walikuwa vijana wa vijijini na mafundi. Walijifunza kwa kufanya: unapewa wodi, unaamka alfajiri, unaogesha, unalisha, unalima nao, jioni unasoma Biblia na somo la uuguzi. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa fildi. Ya miaka kadhaa tu badala ya wiki nane.

Mwaka 1890 Bodelschwingh akajiunga na uongozi wa shirika changa la misheni lililokuwa limeanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1906 makao yake yakahamia Bethel kabisa. Ndilo shirika lililoleta Ulutheri Usambara: Mlalo mwaka 1891, na Johanssen na Wohlrab, halafu Mtae, Vuga, Bumbuli. Mtae wenyewe Wajerumani waliuita Bethel. Na Lutindi, ingawa ilikuwa ya chama kingine, ilipohitaji watu wa kuikalia ikawapata kwa Bodelschwingh. Jina linalojirudia ni la shemasi Bokermann, mtu wa Bethel, aliyeishi kule juu na mkewe kama baba na mama wa nyumba. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu aliyejifunza kutunza wagonjwa wa kifafa Bielefeld, akapanda meli, akashuka Tanga, akapanda mlima.

Mnaona sasa? Njia ya kutoka Bielefeld hadi juu ya kijiji chetu, kwa ajili ya kuhudumia watu wenye ulemavu, ina zaidi ya miaka 120. Mimi nimepangiwa njia ile ile, ila naipita kinyumenyume.

Mtu asome hapa asifikiri naandika tangazo la misheni. Kuna jambo linanikera na nitalisema. Bodelschwingh aliamini kazi ni dawa. Mgonjwa asikae kitandani akipewa sadaka, alime, afyatue matofali, ajione anafaa. Wazo hilo lilipandishwa Lutindi likafanywa msingi wa hospitali, na hadi leo wagonjwa wa Lutindi wana shamba na karakana kama sehemu ya matibabu. Mimi kama mwanafunzi wa elimu maalum naliunga mkono kwa nusu. Mtoto aliyefungiwa ndani nyumbani, ukimpa jembe au cherehani anabadilika mbele ya macho yako, nimeliona. Lakini tukumbuke ilikuwa nchi gani. Mkoloni alikuwa anatoza kodi ya kichwa na nyumba ili watu walazimike kutafuta kibarua. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wakaanzisha kadi ya kazi: kila mwanamume amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Sasa fikiria jirani wawili. Mmoja mzima, analazimishwa kulima shamba la mzungu, inaitwa kazi. Mwingine mgonjwa, analima shamba la mzungu kule mlimani, inaitwa tiba. Jembe ni lile lile. Inawezekana kabisa yule wa pili alitendewa vizuri zaidi kuliko wa kwanza, kwa sababu walau alilishwa na hakuna aliyempiga viboko kwa kuchelewa kumaliza kipande. Lakini nani aliuliza anataka kulima?

Na wahudumu. Bokermann na wenzake hawakuwa na mikono ya kutosha kushika hospitali nzima usiku na mchana. Waliobeba maji, waliopika, waliomshika mtu akianguka kifafa, waliotafsiri kwa sababu wagonjwa waliletwa kutoka kila pembe ya koloni, walikuwa Waafrika. Baadhi ya watoto waliokombolewa walikuwa wameshakua pale. Hao ndio wa kwanza nchini kufanya kazi ninayoisomea mimi. Lakini fungua chochote kilichoandikwa kuhusu Lutindi ya zamani, majina unayokutana nayo ni ya Wajerumani.

Sababu mojawapo ni barua. Shirika la misheni lilikuwa na gazeti lake la kila mwezi, na Afrika-Verein lilikuwa na lake lililoitwa Afrika. Walioko huku waliandika, walioko kule walisoma na kutoa michango. Barua ya namna hiyo ina kanuni zake, na wote tunazijua kwa sababu hazijabadilika sana: nimefika salama, joto kali, watu wakarimu, nimemwona mgonjwa wa kusikitisha, nimejifunza mengi, tuombeeni. Mwandishi ndiye mwenye jina. Anayehudumiwa ni "mmoja wa wagonjwa wetu". Aliyesaidia kumhudumia hayupo kabisa. Nimezisoma shajara za vijana wa Kijerumani wanaojitolea huku siku hizi na nakuta ni barua zile zile, picha ndizo zimeongezeka. Najua na mimi nitaanza kuandika mwezi wa kumi. Mkinikuta nimeweka picha ya mtu ninayemsaidia kula, nikamwita "rafiki yangu mpya", nipigieni simu mnitukane.

Vita ya kwanza ikaja. Waingereza waliichukua Tanga na Usambara mwaka 1916, Wajerumani wakaondolewa, wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ikaja, mwaka 1939 wakakamatwa tena. Hospitali haikufa. Vyovyote mtakavyolisoma hilo, linawezekana tu kama wapo watu waliobaki.

Upande wa Bielefeld miaka hiyo hiyo, wandugu, ni mzito na nilifikiria kuuacha. Lakini naenda kufanya kazi huko, siwezi kuupita. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu wenye ulemavu na magonjwa ya kurithi, ikaanza kutumika Januari 1934. Kifafa kilikuwa kwenye orodha. Bethel, nyumba ya kifafa, iliitii, na wagonjwa wake wengi walihasiwa. Kisha ikaja hatua ya kuua. Kati ya mwaka 1940 na Agosti 1941 zaidi ya wagonjwa na walemavu 70,000 walitolewa kwenye hospitali na nyumba za Ujerumani wakauawa kwa gesi katika vituo sita, na mauaji hayakukoma hapo, yalibadilika tu njia. Kila hospitali ilitumiwa fomu za kujaza: mgonjwa gani, ana nini, anaweza kufanya kazi au hawezi. Bodelschwingh mtoto, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mkuu wa Bethel, alikataa kuzijaza akabishana na maofisa, na wengi wa wagonjwa wake wakapona. Lakini wagonjwa Wayahudi waliokuwa Bethel walichukuliwa Septemba 1940 na kuuawa.

Rudini kwenye lile swali la fomu: anaweza kufanya kazi au hawezi. Nilipolisoma nilifunga kitabu nikatoka nje. Wazo lile la kazi kama dawa, likiwekwa mikononi mwa watu wengine, likawa mizani ya nani aishi. Babu yangu na vidole vyake viwili angepita. Mtoto niliyemfundisha kushika kijiko fildi ya mwaka jana asingepita. Ndiyo sababu nikisikia mtu wetu anamtetea mlemavu kwa kusema "huyu naye anaweza kuzalisha" huwa nasita. Sawa, anaweza. Na asiyeweza je?

Sisi huku mambo yakaenda kivyake. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Waanglikana mwaka 1950. Mwaka 1963 Walutheri wakafungua shule ya wasioona Irente, Lushoto, na mwaka huo huo Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora. Mtaona serikali haimo. Ilikuja baadaye na walimu na mitihani, na chuo cha ualimu wa elimu maalum Patandi, Arusha, ambako wengi wa walimu waliotufundisha fildi wamepita. Irente pia, mwaka 2005, kikaanzishwa kitu kingine, shule ya Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Magamba, mlima ule ule, mwaka 2007 kikaanza chuo kikuu kilichopewa jina la askofu Sebastian Kolowa, elimu maalum ikiwa ndiyo shughuli yake kubwa. Kwa hiyo ukichora ramani ya elimu maalum nchini, kipande kikubwa kinaangukia juu ya vichwa vyetu sisi wa Korogwe na Lushoto. Si bahati. Ni kwa sababu njia ilishapita hapo tangu 1896.

Wajerumani nao waliendelea kuja, ila kwa mtindo mpya. Huko kwao kuanzia mwaka 1961 kijana aliyekataa kushika bunduki aliweza kutumikia katika hospitali au nyumba za wazee na walemavu, na baadhi walikubaliwa kutumikia nje ya nchi. Utaratibu huo ulisimama mwaka 2011 jeshi la lazima liliposimamishwa. Mwaka 2008 serikali yao ilikuwa imeanzisha mpango wa weltwärts wa kupeleka vijana nchi kama zetu kwa mwaka mmoja. Ukikaa Lushoto unawaona: miaka kumi na tisa, ametoka sekondari, begi kubwa mgongoni, siku ya tatu watoto wanamwita mwalimu. Sisemi kwa ubaya. Wapo waliofanya kazi hadi mikono ikachubuka, na mmoja ndiye aliyenifundisha nyimbo za Kijerumani zilizonisaidia kufika kiwango cha A2. Lakini njia ilikuwa ya upande mmoja hadi mwaka 2013, mpango ulipofunguliwa na sisi tuweze kwenda kwao. Kuanzia Bokermann hadi hapo hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Sasa nami nina miaka mitatu ya elimu maalum kichwani na Jumatatu ya kwanza nitafundishwa jinsi ya kumsaidia mtu mzima kuoga. Rafiki yangu wa chumbani kakasirika kwa niaba yangu: "Yaani wao wakija huku walimu, wewe ukienda kule mwogeshaji?" Nimelifikiria. Kwanza, hata hapa anayejua kumwogesha mtu bila kumdhalilisha anajua kitu ambacho kozi zangu zote hazikunipa. Pili, naona waliokosewa ni wale watoto wa Irente, si mimi. Wao ndio walistahili anayewafundisha awe amesomea.

Jambo la mwisho nililookota maktaba ni la maneno, na hili ni letu wenyewe. Angalieni Kiswahili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Mtu anatembea lakini jina lake limepangwa na kiti na kijiko. Upatanisho tunampa wa mtu, tunasema "kipofu amefika", kwa hiyo sarufi inajua ni mtu ila jina halitaki kukubali. Ndipo tukaanza kusema asiyeona, mlemavu, na sasa mtu mwenye ulemavu, kama ilivyo kwenye Sheria ya mwaka 2010. Wajerumani nao wamehangaika hivyo hivyo. Walikuwa na mfuko mkubwa wa kuchangia walemavu ulioanza 1964 ukiitwa, kwa maana yake, watoto wa mashaka. Walemavu wenyewe walilalamika miaka na miaka hadi mwaka 2000 ukabadilishwa jina kuwa Aktion Mensch, mensch maana yake mtu. Tumetokea njia mbili tofauti tukakutana kwenye neno mtu.

Lakini neno likibadilika mfuko haubadiliki siku hiyo hiyo. Kwenye nyumba ninayokwenda, wengi wa wakazi asubuhi wanapanda basi dogo kwenda karakana maalum za walemavu. Ujerumani nzima wanaofanya kazi kwenye karakana hizo ni kama 300,000. Wanafunga misumari kwenye paketi, wanaunganisha vipuri, wanatengeneza vitu vinavyouzwa. Kisheria hawahesabiwi waajiriwa wa kawaida, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara hakiwahusu, na wanalipwa kiasi kidogo sana kwa mwezi, kinachobaki wanaishi kwa msaada wa serikali. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu imeshawasema Wajerumani juu ya karakana hizo. Wanaozitetea wanasema pale si kiwandani, ni mahali pa kujijenga na kupata marafiki. Wakazi wengine nao wanazipenda na hawataki zifungwe.

Kazi au tiba? Nimesafiri maktaba nzima kutoka mlima wa Lutindi nikakuta swali linanisubiri kituo cha basi cha Bielefeld. Safari hii walau kuna tofauti moja, wanaofanya hiyo kazi wanaweza kuulizwa na wakajibu, wana mabaraza yao na wengine wameandika na kudai mshahara hadharani. Hicho ndicho ninachotaka kukisikiliza zaidi mwaka wangu wote kule. Nimemwambia mama hivyo, na juu ya wa kwetu nikamwambia nikirudi nataka niombe kazi Korogwe, si Dar. Akasema, "Haya, tutaona," kwa sauti ile ya kina mama wa Kibondei mnaoijua.

Kabla sijaondoka nina ombi. Humu kuna watu wa Bungu, Vugiri, Dindira, Kwashemshi na Lutindi yenyewe. Mkienda likizo kaeni na bibi na babu muwaulize: nani wa ukoo wetu aliwahi kufanya kazi kule hospitalini zamani, kabla ya uhuru, mpishi, mfuaji, mlinzi wa usiku, mwuguzi, yeyote. Nataka jina lake, kijiji chake, na alikuwa anafanya nini. Nina daftari jipya la kaunta kwaya mbili, bado tupu. Nitalibeba Bielefeld, na huko nitaomba ruhusa ya kuona barua za zamani za Lutindi nijue kama kuna jina hata moja linalofanana.